Mguu wa Kulia wa Shangazi

Baba yangu alikuwa mtu mpole, lakini kulikuwa na jambo moja lililompandisha mori kila alipolisikia: dada yake mkubwa, mwanamke mtu mzima, mjane, kukimbia barabarani na mgambo.

Shangazi alikuwa akiishi Kiwalani. Siku zile Kiwalani ilikuwa bado mihogo na mikorosho, nyumba moja hapa na nyingine kule, na ndege zikishuka juu ya mapaa mpaka sufuria zinalia jikoni. Nyumba yake ilikuwa ya vyumba viwili, ya miti na udongo, bati juu. Aliisimamisha mwenyewe baada ya mumewe kufariki. Alikanyaga udongo kwa miguu yake, akakandika kuta kwa mikono yake, na ukimtembelea ilikuwa lazima akuonyeshe ukuta wa nyuma, ule alioukandika peke yake mafundi walipokwenda mazikoni. Hakujaaliwa mtoto. Nadhani ile nyumba ndiyo aliyoilea.

Baada ya Azimio, tawi la chama la kwao lilipotangaza kwamba linataka watu wa kujifunza mgambo, wanaume wengi walitazama chini wakitafuta kitu walichodondosha. Shangazi akanyoosha mkono. Basi ikawa alfajiri, wenzake wa rika lake wanachochea moto, yeye yumo kwenye mstari na bunduki ya mti begani, suruali ya kaki ndani, khanga juu ya suruali, raba miguuni. Walikimbia kutoka Kiwalani mpaka karibu na Temeke na kurudi, wakiimba. Hakuwa mwembamba. Alikuwa mama mwenye mwili, na akikimbia ulimsikia kabla ya kumwona.

Habari zilimfika baba kupitia kwa watu wa msikitini. Siku shangazi alipokuja kututembelea, baba hakungoja hata amalize chai.

“Dada, unatutia aibu.”

“Aibu gani? Nimeiba?”

“Mtu mzima anakimbia njiani. Watu wanauliza, anafukuzwa na nani?”

“Waambie nafukuzwa na uzee,” shangazi akajibu. “Na wewe unakuja nyuma yangu, bwana mdogo, ila wewe umekaa.”

Mama alijifanya anakohoa. Baba hakucheka. Alikuwa karani katika bohari moja ya serikali, na lori la ofisini lilimfuata mlangoni asubuhi na kumrudisha mlangoni alasiri. Kwake yeye hiyo ndiyo ilikuwa maana ya uhuru. Baba yake alitembea kwa miguu maisha yake yote akiwabebea watu wengine mizigo, na sasa mtoto wa yule mchukuzi alikuwa hakanyagi vumbi isipokuwa kwa kupenda. Tumbo lake lilipoanza kutoka, majirani walimpongeza na mama alishonesha mashati mapya kwa furaha. Kwetu mwili uliopumzishwa ulikuwa mwili ulioheshimiwa. Simcheki kwa hilo. Hata mimi, mwalimu wa shule ya msingi niliyekuwa nikikimbia mchakamchaka na watoto kila asubuhi, niliufanya kama kazi, na nilipokuwa likizo nililala mpaka jua linaingia kitandani.

Kisha shangazi akaanguka.

Alikuwa kisimani, asubuhi, baada ya kutoka kukimbia. Wenzake walisema alikuwa anasimulia jambo, maneno yakaanza kugongana mdomoni, ndoo ikamponyoka, akakaa chini polepole kama mtu aliyeamua kupumzika. Mdomo ulikuwa umekwenda upande. Walimpakia kwenye mkokoteni wakamfikisha hospitali, na huko ndiko sisi tulikomkuta. Mkono wa kulia na mguu wa kulia vilikuwa vimelala tu. Alitutazama, alitujua, akafungua mdomo, na kilichotoka hakikuwa neno la lugha yoyote. Machozi yalimtoka kwa hasira. Nilimjua shangazi yangu, ilikuwa hasira.

“Si nilisema?” baba alisema kule uani mwa hospitali, na ndugu wote waliokuja wakaitikia. Damu imechemka. Umri ule, kukimbia kule, ilikuwa ifanyeje isipande kichwani? Nami, kusema kweli, nilikaribia kuamini. Alitoka kukimbia, akaanguka. Nani asingeunganisha mambo hayo mawili?

Aliyekataa kuyaunganisha alikuwa daktari. Kijana, amevaa viatu vilivyochoka, na alizungumza na baba kwa adabu sana. Alisema shangazi alikuwa na presha ya damu, pengine kwa miaka mingi bila kujua, na mshipa mmoja kichwani umeziba. Baba akamwambia kuhusu mgambo, kwa sauti ya mtu anayemshitaki mtoto kwa mwalimu wake.

“Mzee wangu, kukimbia hakukumletea ugonjwa huu,” daktari akasema. “Nitakuambia ninavyoona mimi. Mama huyu moyo wake una nguvu, damu yake imezoea kwenda mbio na kufika kila mahali. Huenda bila hayo mazoezi tungekuwa tunazungumza habari nyingine sasa hivi.”

“Kwa hiyo atapona?”

“Hilo siwezi kukuahidi. Lakini akipata nafuu kidogo, mwinueni. Akalishwe, asimamishwe, atembezwe. Mguu msiuache ulale.”

Baba aliitika, akashukuru, akampa mkono. Tulipofika nje akasema, “Mtoto mdogo yule,” na maneno ya daktari yakaishia pale.

Lazima niseme kwa nini, maana baba hakuwa mtu wa kudharau watu. Mama yao, bibi yangu, naye alipatwa na kiharusi, shambani, baba akiwa kijana. Alijikokota mwenyewe mpaka barazani, wakamlaza pale apate hewa, na jioni ile ile akafariki. Wazee wakasema ni upepo. Kiharusi ni upepo mbaya, na aliyepigwa na upepo haachwi mahali upepo wa pili umkute. Baba aliishi na baraza ile kifuani mwake tangu ujana. Kwa hiyo alipomleta dada yake nyumbani kwetu Temeke, alimfanyia yote ambayo hakumfanyia mama yake. Alimpa chumba kizuri kuliko vyote. Aliziba dirisha kwa magunia na matambara. Alimfunika blanketi, Dar es Salaam ile ile unayoijua wewe, na jiko la mkaa likawekwa pembeni ili chumba kisipoe. Aliketi naye akimpepea nzi, akimlisha uji kwa kijiko, akimfuta mdomo. Sijapata kuona mwanamume akimtunza dadaye namna ile, na kila nilipoingia mle nilitamani kupiga kelele.

Fundi wa kukanda naye akaletwa, mzee mwenye chupa ya mafuta ya nyonyo na vidole kama koleo. Siku hiyo sote tulikuwapo. Fundi aliushika mguu wa kulia akauvuta, akaupinda, akauvuta tena, na shangazi akawa anatokwa na jasho, macho yamemtoka. Ndipo akafungua mdomo na kusema, kwa sauti kubwa na safi, bila kukwama hata kidogo:

“Nyuma… geuka!”

Fundi akaacha mguu. Baba akasimama. Ilikuwa sauti ya uwanjani, ya mtu anayetarajia kutiiwa, na wallahi mimi mwenyewe miguu yangu ilianza kugeuka. Mama alijifunika uso na khanga, mabega yanamtetemeka. Shangazi alikuwa anatutazama kwa mshangao, kana kwamba si yeye aliyesema.

Hivyo ndivyo maneno yalivyoanza kurudi. Jina langu hakuliweza, wala la baba, wala maji, wala uji. Akijaribu kusema neno la kawaida ulimi ulijikunja. Lakini amri za mgambo zilikuwa zimekaa mahali pengine kichwani, mahali ambapo upepo wa baba haukufika, na zilitoka nzima nzima. Akitaka kuinuliwa alisema, “Mguu sawa!” Akishiba uji alisema, “Mguu pande!” Wageni wakikaa sana wakimlilia kana kwamba ameshakufa, “Tawanyika!” Majirani wakaanza kuja makusudi wapate kutawanywa. Katika nyumba iliyokuwa imejaa huzuni tulicheka sana miezi ile, naye alicheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Jambo la mguu nililiona mimi. Nilikuwa nyumbani na homa, nimelala kwenye mkeka chumbani kwa shangazi kwa sababu ndicho kilichokuwa na joto. Asubuhi watoto wa shule yangu wakapita barabarani na mchakamchaka, wakiimba, vumbi na vishindo. Nikasikia kitu kinagonga. Nikadhani ni panya. Nikageuka, nikaona mguu wa kushoto wa shangazi, ule mzima, unapiga tendegu la kitanda kufuata wimbo. Na chini ya blanketi, upande wa pili, dole gumba la mguu wa kulia lilikuwa linainuka na kushuka. Lilichelewa kidogo, kama mtoto wa mwisho kwenye mstari. Lakini lilikuwa linakwenda na wenzake.

Nilimwita mama. Tulisimama pale tukitazama kidole cha mguu mpaka watoto wakaishia mbali, nacho kikalala.

“Usimwambie baba yako,” mama akasema.

Kuanzia hapo tulikuwa na maisha mawili mle ndani. Lori likimchukua baba, mama aling’oa magunia dirishani. Mimi nikitoka shule nilikuja moja kwa moja. Tulimkalisha kitandani, miguu chini. Ikawa kazi ya siku nyingi kumkalisha tu bila kuegemea. Kisha kusimama, mama kushoto, mimi kulia, yeye katikati anatuponda. Alianguka na mimi juu yake, tukabaki pale chini tunacheka na kulia. Alichogundua yeye mwenyewe, hakuna aliyemfundisha, ni kwamba ule mguu haukutii ukiuomba, ila uliitii amri. Aliutazama, akavuta pumzi, akasema kwa ile sauti, “Mbele… tembea!” na mguu ukaburuzika ukaenda. Alikuwa sajini na kuruta katika mwili mmoja. Na kama sajini yeyote, hakuwa na huruma. Nilikuwa nachoka kabla yake. Nikimwambia basi, shangazi, inatosha, alinitazama kwa jicho la uwanjani, tukaanza upya.

Lori likilia kona, magunia yalirudi dirishani na shangazi akarudi chini ya blanketi, uso wa mgonjwa.

Siku hizi nasikia wataalamu redioni wakisema mambo haya kwa utulivu kabisa: kwamba mazoezi hushusha presha na kuilinda mishipa ya damu, kwamba mtu aliyezoea kuushughulisha mwili, kiharusi kikimpata, mara nyingi humwachia ubongo wenye nguvu zaidi ya kutafuta njia ya kuzunguka palipoharibika. Nikisikia hivyo huwa naongeza sauti, kisha natulia. Mimi si daktari. Shangazi alikimbia na bado akapatwa, kwa hiyo kukimbia si hirizi. Nimewaona pia watu hodari, wapiga jembe na wachukuzi, waliolala wasiamke. Siwezi kuapa kwamba zile alfajiri za Kiwalani ndizo zilizomwokoa. Ninachoweza kusema ni kwamba alipohitaji kuanza kutembea upya, alikuwa na mahali pa kuanzia. Mwili ulikuwa na desturi, na desturi ile haikufa pamoja na maneno.

Maneno nayo yakaja, moja moja, makombo makombo. Kabla ya Ramadhani aliweza kusema sentensi ndogo kama za mtoto. Mkono wa kulia ulibaki umejikunja kifuani, na ulibaki hivyo mpaka mwisho. Lakini alikuwa anavuka uani mwenyewe.

Siku moja baba alimkuta. Lori liliharibika, akarudi mapema, akafungua mlango wa uani akamwona dada yake amesimama juani, hana blanketi, upepo unapeperusha khanga yake. Alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena. Alimrukia akamshika mwili mzima kama anayemtoa mtu kwenye moto.

“Mnataka kumuua! Nyie mnataka kumuua dada yangu!”

“Baba, anatembea,” nikasema. “Mtazame. Anatembea.”

“Hata mama alitembea mpaka barazani!”



Usiku wa kuamkia mfungo, tukila, baba alitangaza uamuzi wake kwa upole wake wote. Dada atakaa hapa moja kwa moja, yeye atamtunza mpaka mwisho. Nyumba ya Kiwalani isikae tupu ikabomoka. Amempata mpangaji, mtu mwema, mwenzake wa bohari, atahamia baada ya Idi. Alisema akitazama sahani. Alidhani anatoa zawadi. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, akaomba kusaidiwa kwenda kulala. Nilipomfunika aliushika mkono wangu kwa mkono wake mzima.

“Nyumba… yangu,” akasema. Alipumzika, akatafuta neno lingine, akalipata. “Mie sijafa.”

Idi ilipita. Asubuhi iliyofuata, watu hawajamaliza hata pilau la jana, shangazi alitoka chumbani amevaa. Alikuwa na raba zake miguuni. Mama ndiye aliyemfunga kamba, najua, maana mama alikuwa anatazama pembeni. Alishika fimbo kwa mkono wa kushoto, akaelekea mlango wa mbele. Baba alikuwa amekaa hapo kwenye stuli anakunywa chai. Alisimama akauziba mlango kwa mwili wake wote, na mwili ulikuwepo.

“Dada, unakwenda wapi?”

“Kwangu.”

“Ukianguka njiani?”

Alilichukua swali lile kwa uzito. Maneno yalimjia polepole, na hakuna aliyethubutu kumsaidia.

“Nikianguka… nitaanguka nakwenda kwangu.”

 Baba akasogea. Hakusema nenda, alisogea tu, na shangazi akapita.

Tulitembea watatu. Shangazi mbele, mimi kando yake, na baba nyuma kwa kanzu yake ya Idi, amebeba ile stuli. Hakuagizwa na mtu. Kila hatua chache aliitanguliza: “Dada, kaa kidogo.” Shangazi akapita kando ya stuli. Mguu wa kulia ulichora mstari mrefu mchangani, na midomo yake ilikuwa inacheza, anaamrisha kimyakimya. Tuliziacha nyumba za Temeke, tukashika njia ya mashambani. Watu walitoka kutazama: bibi aliyepooza anatembea, na karani mzima nyuma yake na stuli kichwani. Shangazi aliwaitikia waliosalimia kwa kichwa tu. Kuna mahali alisimama sana kwenye kimteremko, ameushika mkorosho, macho amefumba, nami nikadhani imekwisha, nikajuta kila kitu. Baba aliweka stuli nyuma yake, taratibu. Shangazi akafungua macho. “Mbele,” akasema, na hakumalizia, lakini mguu uliijua iliyobaki.

Tulipokaribia Kiwalani niligeuka nyuma na baba hakuwepo. Alikuwa mbali, chini ya jua, amekaa kwenye stuli katikati ya njia. Kanzu imemganda mgongoni, kifua kinapanda na kushuka, mkono amenyanyua kutuashiria twende, twende, anakuja. Shangazi naye aligeuka. Alimtazama mdogo wake kwa muda, na usoni hakuwa na ushindi wowote. Alikuwa na woga. Ule ule niliouona kwa baba siku zote zile.

“Mngoje,” akaniambia. “Mpe mkono.”

Nikarudi kumchukua. Alikuwa mzito na mwepesi wa kuniegemea, nilishangaa. Shangazi akaenda zake mbele peke yake, na sisi tukamwona kwa mbali akivuka kiwanja, akiegemea ukuta wake, akisukuma mlango kwa bega, akiingia ndani.

Tulipofika mlango ulikuwa wazi. Miezi yote ile kwetu baba aliingia chumbani kwa shangazi wakati wowote aliotaka, kama tunavyoingia kwa watoto na kwa wagonjwa. Sasa alisimama nje ya kizingiti, stuli mkononi, jasho linamdondoka kidevuni. Akavua kofia.

“Hodi,” akasema.

 Tulisikia ule mguu ukiburuzwa juu ya sakafu ya udongo, taratibu, ukija. Baba hakusogea.

“Hodi, dada.”

“Karibu,” shangazi akasema. “Karibu ndani.”

Baba akaingia, akatafuta mahali pa kukaa, akangoja aonyeshwe.